Mashua iliyozama kwa pauni moja: usikimbilie pampu

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nimeolewa Coventry, huu mwaka wa tisa. Kwenye mfereji ninapotembea jioni kuna mashua ndefu ya mbao. Imezama mpaka maji yanalingana na ukingo, majani yameota juu yake. Mzee mwenyewe amechoka. Anasema atanipa kwa pauni moja nikiahidi kuitengeneza. Mume wangu anasema ni kuni zilizolowa. Mimi roho inaniuma, maana babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Nikodi pampu niitoe maji kwanza nione ilivyo? Na hawa wenzetu wanaojisifu kutunza historia yao, iweje waache kitu kama hiki kife?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na pampu, maana hapo ndipo watu wema huua vyombo. Usiikodi. Kama umeshaikodi, irudishe. Mashua ya mbao iliyolala chini ya maji ya mfereji imetunzika kuliko ile inayoelea jirani yake chini ya turubai lililochanika. Ukungu unaokula mbao unataka unyevu na hewa kwa pamoja, na huko chini hewa ni haba. Kinachooza ni kilichobaki nje: ukingo, paa la kibanda, vichwa vya magoti, yaani zile mbao za pembe zinazoshika ubavu na sakafu. Siku utakapoitoa maji ndiyo siku kuoza kutakapoanza kwa kasi. Kama siku hiyo huna gudi, yaani mahali pakavu pa kukarabatia chombo, mbao, fundi na fedha, utakuwa umefukua maiti ili uitazame tu.

Mimi ni mtu wa Lamu. Tezo ya kuchongea mbao na kalafati ya kuzibia viungo nilizijua kabla sijajua kuandika barua, na nilipofika huku nikaingia kwenye karakana za mifereji, ambako nipo mpaka leo nimeota mvi. Jambo la kwanza lililonichanganya ni hili. Kwetu chombo huliwa kutoka chini. Maji ya bahari yana mdudu atobaye mbao, ndiyo maana chombo hukwezwa, kikasuguliwa, kikapakwa deheni ya shahamu na chokaa, na juu kikapakwa sifa, yale mafuta ya papa, mpaka mtaa mzima ujue. Chumvi yenyewe ni rafiki wa mbao. Huku mfereji ni maji baridi na mdudu yule haishi humo, ila adui anashuka kutoka mawinguni. Maji ya mvua hupenya kwenye kiungo cha ukingo, hukaa nyuma ya bitana, zile mbao za kufunikia kwa ndani, na ukungu hupata nyumba. Nimekuta ubavu wa mwaloni chini ya mstari wa maji ukiwa mgumu hata tezo inaruka, na shubiri moja juu yake mbao inachotwa kwa kijiko kama boga. Waingereza niliofanya nao kazi walinicheka nilipouliza habari za mdudu. Nami niliwacheka nilipoona wanafunika chombo kwa turubai kama maandazi.

Habari ya pampu niliijua kwa aibu. Mwaka wangu wa pili tuliitwa kuinua mashua ya mtu mmoja ambaye sitamtaja. Tulikuwa vijana, tuna pampu tatu za petroli na haraka nyingi. Tuliziweka zote upande wa tezi, yaani nyuma, kwa kuwa huko ndiko gari lilikoweza kufika. Tezi ikapanda. Omo, yaani mbele, ilikuwa bado imejaa tope zito na matawi ya miaka. Chombo cha mita 21 kisicho na mkuku, ule mti wa uti wa mgongo chini, kikapinda katikati kama mkeka uliokunjwa vibaya. Tulisikia mlio mmoja, ubao wa pili kutoka chini ukapasuka, na maji yakarudi kwa wingi kuliko tuliyoyatoa. Chombo kilichokaa majini miaka mingi bila kudhurika, sisi tulikimaliza asubuhi moja. Mzee aliyetusimamia hakutukemea. Alikwenda kuchemsha chai.

Sasa swali lako la pili, lile lenye uchungu. Wameiacha kwa sababu ilikuwa chombo cha kazi na kazi ilikwisha. Hawakuichukia wala hawakuidharau. Jahazi la babu yako nalo lingelala matopeni siku boriti zilipopanda lori.

Mifereji hii ilichimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Ule wa Duke wa Bridgewater, ulioanza kazi 1761 kutoka machimbo ya Worsley kuelekea Manchester, uliteremsha bei ya makaa mjini karibu nusu, na kila mwenye mtaji akataka mfereji wake. Mhandisi James Brindley alipoipeleka mifereji hiyo katikati ya nchi, penye vilima na maji haba, alibana matumizi. Vile vyumba vya maji vyenye milango ya kupandishia na kushushia vyombo, ambavyo sisi wa karakana twaviita loki, alivifanya vyembamba: upana wa mita 2.1 hivi, urefu wa mita 22 hivi. Mashua ikafuata tundu. Ndiyo maana hiyo yako ni ndefu kama mnazi ulioangushwa na pana kidogo tu kuliko kitanda cha watu wawili. Farasi mmoja akitembea kandokando aliikokota ikiwa na tani 25 na zaidi, mzigo ambao barabarani ungetaka mikokoteni mingi.

Kisha reli ikaja, nauli zikashuka, na nahodha akashindwa kulipa vibarua na kodi ya nyumba kwa wakati mmoja. Akahamishia mke na watoto kwenye kibanda cha tezi chenye urefu wa mita 3. Humo kulikuwa na jiko la makaa, kitanda kinachokunjwa ukutani, kabati ambalo mlango wake ndio meza, na kila pahali pametiwa maua ya waridi na ngome za rangi. Wageni wakiona picha zile husema "maisha mazuri." Wewe uliyelea watoto kwenye chumba kimoja utajua zaidi. Shikilia hiyo habari ya familia, maana itatufaa mbele: sheria ya mwaka 1877 ilitaka kila mashua inayolalwa na watu iandikishwe kwa halmashauri na kupewa namba.

Mwaka 1912 kampuni ya uchukuzi ya Fellows, Morton & Clayton ilianza kutia injini za Bolinder kutoka Sweden, zile za silinda moja ambazo lazima uzipashe kichwa kwa moto kabla hazijakubali kuwaka. Tangu hapo yenye injini ikawa inaivuta isiyo na injini, na jozi moja, ikiongozwa na mume mbele na mke nyuma, ilibeba tani 50 hivi. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya Grand Union iliagiza mashua mpya kwa mamia, za chuma kwa mbao, na muda wote ikihangaika kupata watu wa kuziendesha. Mwaka 1948 serikali ikataifisha mifereji mingi. Fellows, Morton & Clayton ikafunga mwaka huohuo, na mashua zake zikaingia mikononi mwa serikali.

Hapo ndipo kuachwa kulipoanza, nawe ukiwaza utaona jinsi ambavyo hakukuwa na mtu mbaya. Serikali ilirithi vyombo vingi kuliko mizigo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mashua za mbao zisizotakiwa zilizamishwa makusudi kwenye mashimo ya kokoto yaliyojaa maji karibu na Harefield, magharibi ya London. Nyingine zilichomwa moto. Kisha ikaja baridi ya 1962 kuingia 1963. Mifereji iliganda wiki nenda wiki rudi, makaa yakahamia kwenye malori, na mengi hayakurudi tena. Bodi mpya iliyoshika mifereji Januari 1963 ikaachana na sehemu kubwa ya biashara ya kubeba mizigo kwa mashua nyembamba. Mmoja wa mikataba ya mwisho ya safari ndefu, wa kupeleka makaa kutoka Atherstone mpaka kiwanda cha jemu huko Southall, ulikoma mwaka 1970.

Baada ya hapo wakaja wapenzi, na niseme ukweli, wapenzi nao waliua. Mtu alinunua mashua ya mizigo kwa bei ya chuma chakavu, akaona mita 22 ni nyingi kwa likizo, akaikata. Nusu ya tezi ikawa chombo kimoja, nusu ya omo ikashonewa tezi mpya ikawa kingine. Leo hukuta watu wawili, kila mmoja ana cheti cha mashua ileile, na kila mmoja anaapa yake ndiyo yenyewe. Nimewahi kuitwa kuwapatanisha. Nilipima nikakuta wote wawili wako sahihi, na hakuna aliyenishukuru.

Hata makumbusho hayakuepuka. Lile la mashua za mifereji huko Ellesmere Port lilifunguliwa 1976 kwa nguvu za watu wa kujitolea waliookota kila chombo kilichokuwa kinakwenda kukatwa. Bila wao tusingekuwa na kitu. Lakini kuokota ni kazi ya siku moja, na kutunza mbao kunaendelea muda wote mbao ikiwapo. Ukiwa na mashua hamsini na mafundi wanne, kila asubuhi unachagua ipi isubiri. Na kusubiri, kwa mbao iliyo juu ya maji, ndiyo kuoza kwenyewe. Zaidi ya hayo, kuandikishwa kwenye rejista ya taifa ya vyombo vya kale hakukipi chombo ulinzi wa kisheria kama ule wa nyumba za kale. Mwenye nyumba ya karne ya 18 hawezi kung'oa dirisha bila kibali. Mwenye mashua iliyo kwenye rejista anaweza kuikata kuni kesho asubuhi na polisi wakampita wakimpungia mkono.

Turudi kwenye ya kwako. Kabla ya kuuliza kama inaokoleka, tujue ni nini.

Nenda mchana, uvae viatu vya mpira, wala usiingie ndani ya chombo. Sakafu iliyooza chini ya maji haionekani. Anza na tezi. Kama ni ya mviringo, yenye kitako kinachotokeza juu ya maji, hiyo ilikuwa ya injini. Kama imechongoka na kuna usukani mkubwa wa mbao, au mahali pake, hiyo ilikuwa ya kukokotwa, na farasi au na mwenzake wa injini. Kisha gonga ubavu kwa mpini wa kisu. Usidanganyike na rangi, maana wapo waliopaka chuma kwa mistari ya mbao. Ziko za mbao tupu, ziko za chuma tupu, na ziko zile za mchanganyiko: mbavu za chuma na sakafu ya mbao. Hizo za mwisho ndizo zinazowachanganya wanunuzi, kwa sababu juu zinaonekana nzima na chini hazina chini.

Halafu tafuta namba. Chunguza mbao za tezi kwa ndani, kizingiti cha mlango wa kibanda, na ubavu wa kibanda kwa nje. Mashua za kampuni zilikuwa na namba za kikosi. Zile za kulalwa zilikuwa na namba za halmashauri kwa ile sheria ya 1877. Na nyingi zilipimwa kina kwa ajili ya ushuru, zikapewa namba nyingine tena. Ukipata hata moja na jina la mji, hifadhi ya nyaraka ya kaunti inaweza kukuonyesha mwaka, mwenyewe na hata nahodha. Usisugue rangi kwa brashi ya waya! Chini ya tabaka saba za kijani za mtu wa likizo mara nyingi pana jina la kampuni lililoandikwa kwa mkono wa mchoraji. Likwangue taratibu kwa wembe, kidirisha kidogo kidogo, ukipiga picha kila tabaka. Nimeona mashua ikitoka kwenye orodha ya kukatwa na kuingia kwenye orodha ya kutunzwa kwa sababu ya herufi tatu.

Nikisema "mbao tupu," ujue ilivyojengwa, maana si kama chombo cha kwetu. Haina mkuku chini. Sakafu ni mbao za mti wa elmu, nene inchi mbili na nusu mpaka tatu, zimelazwa kukingama, sio kwenda urefu. Anayeburuza tumbo kwenye tope la mfereji kila siku hutaka sakafu ambayo ubao mmoja ukilika utang'olewa peke yake. Mbavu ni mwaloni. Badala ya mataruma yanayozunguka tumbo zima yako magoti pembeni, yanayoshika ubavu na sakafu. Ndani unapita mti mmoja mrefu juu ya zile mbao za sakafu. Viungo hupigwa kalafati ya nyuzi za kamba kuukuu na lami, hapo utajihisi nyumbani. Ila kuna kitu ambacho kwetu hakipo, tope la moto la lami, nywele za ng'ombe na mavi ya farasi, linalopakwa juu ya mbao kabla ya kufunikwa kwa bati au bitana. Linanuka kiasi cha kukufanya uitamani sifa ya papa. Linafanya kazi, nimefungua bitana ya zamani nikaikuta mbao chini yake rangi ya asali.

Magonjwa yake ni mawili makubwa ukiacha kuoza. La kwanza ni misumari. Mwaloni una ukali wake, na ukali huo hula chuma. Msumari huliwa kiunoni na kichwa kikabaki kinakutazama kama mzima. Ubao unakuwa umeshikwa na mazoea tu. La pili ni mgongo. Mashua hizi hushuka omo na tezi na kuinuka katikati zikikaa tupu miaka mingi, au hupinda kufuata kitanda zinapolala kwenye tope lisilo sawa. Simama mbali, kwenye daraja, uangalie ukingo wake kwa jicho moja lililofumba. Ukiona upinde, usife moyo, lakini ongeza kwenye hesabu.

Kuiinua kwenyewe, ikifika siku hiyo, ni kazi ya subira. Tope hutolewa kwanza, kwa ndoo, likiwa bado chini ya maji, ili chombo kisinyanyuke na mzigo usio wake. Turubai hupitishwa chini ya tumbo. Mivujo midogo huzibwa kwa ujanja wa mabaharia wa mifereji: unga wa mbao au majivu humwagwa nje karibu na mvujo, na maji yenyewe yakivutwa ndani huusokomeza kwenye ufa. Ndipo pampu, kadhaa, zikigawanywa omo, kati na tezi, zikienda polepole na kusimama, mtu mmoja akiangalia ukingo tu bila kugusa kitu. Kikielea, kiende gudini siku hiyohiyo kama inawezekana, kikae juu ya magogo yaliyosawazishwa urefu wote, na mbao zifunikwe magunia yaliyolowa. Jua la wiki mbili la Juni, hata hili la kwao lisilo na nguvu, litafungua viungo vyote.

Gudini, kosa la wanaoanza ni kuvua mbao zote zilizooza kwa mara moja. Chombo kinakuwa kinashikwa umbo na ubao uleule uliooza. Unapima kwanza, unachonga vielelezo vya umbo kila mita moja, unakitegemeza, kisha unatoa ubao mmoja na kutia mmoja. Mwaloni wa ubavu unapikwa kwenye sanduku la mvuke, kwa kadiri ya saa moja kwa kila inchi ya unene, halafu mnakimbia nao watu sita, mnaupinda na kuufunga kabla haujapoa. Nafasi ni dakika chache. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo sehemu ambayo mgongo wangu sasa unaikataa.

Tatizo ni elmu. Ugonjwa wa ukungu unaosambazwa na mbawakawa wa magome uliua zaidi ya miti milioni 20 nchini Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mti uliokuwa wa kila kijiji sasa unatafutwa kama msaji. Wengi hutia mwaloni au mbao nyingine chini. Kwenye zile za mbavu za chuma, wengi hung'oa sakafu ya mbao na kuchomelea bamba la chuma. Mimi silaani. Chombo chenye sakafu ya chuma kitasafiri kesho, cha elmu kitasubiri elmu. Ila ninapinga mtindo wa kuchomelea bamba jipya juu ya mbavu kongwe zenye ribiti bila kuchunguza. Unyevu hunaswa katikati, chombo huongezeka uzito na kuzama zaidi, na kile chuma cha kufua cha wazee, ambacho hushika kutu polepole kuliko cha leo, hufunikwa na kitu duni kuliko chenyewe. Kampuni nyingi za bima hutaka unene usiopungua milimita 4, na hapo ndipo wenye haraka hupata kisingizio. Penye tundu, tia kiraka cha mahali penye tundu.

Utaniuliza, ukishabadilisha ubao baada ya ubao, bado ni ileile? Ipo mashua ya Raymond, iliyojengwa Braunston, kijiji cha mifereji, mwaka 1958, katika za mwisho kabisa za mbao kujengwa kwa ajili ya mizigo, ambayo ilikuwa kwenye ile njia ya makaa ya kiwanda cha jemu. Ilichakaa mpaka ikajengwa upya karibu yote mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwangu ni Raymond. Imejengwa kwa vipimo vyake, kwa namna ya wazee, na inakwenda. Ipo President, ya chuma, iliyotoka karakana ya Fellows, Morton & Clayton mwaka 1909 ikiwa ya mvuke, ikabadilishiwa injini ya dizeli mwaka 1925, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa gamba tupu. Ikarudishiwa mvuke, na tangu 1983 ni mali ya makumbusho ya Black Country huko Dudley, ikisafirishwa na wajitolea. Injini yake ya leo haikuwamo ndani yake zamani. Bila hiyo isingekuwa inatoa moshi na watoto wasingekimbia kandokando yake. Kinyume chake ipo Friendship, ya miaka ya 1920, ya nahodha wa mwisho aliyemiliki na kuendesha mashua yake kwa mnyama. Hiyo imewekwa ndani ya ghala huko Ellesmere Port, juu ya nchi kavu. Mbao kavu hupasuka, na chombo kisichobebwa na maji hulegea. Hata hivyo hapo naungana nao. Kwenye Friendship thamani iko kwenye rangi ileile, mikwaruzo ileile na ngazi iliyolika kwa viatu vyake. Ukiitia mbao mpya umeifuta.

Ya kwako iko upande gani? Kwa maelezo yako, mbao tupu, imezama mpaka ukingo, majani juu, nakisia kwamba chini ni nzuri, juu hakuna. Maana yake ni ukingo mpya, mbao za juu mpya, kibanda kipya, magoti mengi mapya. Kazi hiyo kwa kulipa mafundi hupita thamani ya chombo mara kadhaa. Kwa kundi la watu kumi wenye Jumamosi zao, na mwenye karakana anayewaonea huruma, ni ya miaka. Mtu mmoja mwenye pauni moja na huzuni ya babu hawezi, nami nisingekuwa mwema kwako kama ningesema anaweza. Waandikie Historic Narrow Boat Club, chama cha wapenzi wa mashua hizi za kale, upeleke picha na namba. Nenda Braunston mwezi wa Juni, mashua za kale zinapokusanyika, uwasikilize wanavyogombana juu ya lami. Ukipata wenzio watano, niambie.

Ukiwakosa, kuna njia nyingine ambayo watu huiona kama kushindwa, nami siioni hivyo. Chombo kipimwe, kichorwe, kipigwe picha kiungo kwa kiungo wakati kinavunjwa, na vipande vyenye alama ya mkono wa fundi viende kwa anayevihitaji. Mapambo ya shaba, usukani, mlango wenye maua, goti moja la mwaloni lililokua likiwa na pembe yake mtini. Mara mbili nimejenga kwa kutumia michoro ya mashua iliyovunjwa hivyo. Hakuna mashua niliyowahi kujenga kutoka kwenye rundo la majivu.

Kuhusu ile pauni. Sheria ya British Waterways ya mwaka 1983, kifungu cha 8, inampa msimamizi wa mfereji, ambaye tangu 2012 ni Canal & River Trust, mamlaka ya kuondoa chombo kilichozama au kuachwa baada ya notisi ya siku 28, na gharama humfuata mwenye chombo. Mzee huyo pengine ni mtu mwema, lakini pengine pia barua hiyo iko mezani kwake. Muulize kama amepata notisi. Muulize hati ya kumiliki iko wapi, leseni iliisha lini, na kama yupo mtu mwingine anayedai nusu. Akikuonyesha karatasi, zipige picha.

Jumamosi hii chukua futi, tochi, kisu butu na daftari. Pima upana wa tezi, urefu wote kwa kamba, na kina cha maji mahali patatu. Piga picha ya ukingo kutoka darajani. Choma kisu kwenye ubavu shubiri moja juu ya maji, kisha pinda mkono uchome shubiri moja chini ya maji, uniandikie kimeingia kiasi gani kila mahali. Mume wako aje ashike kamba upande wa pili. Akishalowa viatu atapunguza maneno ya kuni.

Na pauni yake usimpe bado.